Milango Aliyotugawia Felista

Alhamisi ya mwisho ya mwezi wa sita mwaka huu nilimpoteza dada yangu Felista, na pamoja naye mchezo ambao hakuna mwingine aliyeujua wote. Waliokuja msibani walimsifu kwa sauti yake ya kwaya na kwa shamba lake la ulezi. Yote ni kweli. Lakini mimi nikisikia jina lake, naona kwanza sakafu ya jiko la mama, majivu yametandazwa, na kijiti mkononi mwake.

Tulipokuwa wadogo, baridi ya huku juu Ufipa haikuwa na huruma. Tulitoka shule midomo imepasuka, magoti meupe kama yamepakwa unga, tukakimbilia jikoni. Hapo Felista alichora kwenye majivu mito, msitu, vijiji, na mwisho kabisa nyumba ya zimwi. Nyumba hiyo aliichora kama lile tanuru la wazee la kuyeyushia chuma lililosimama nyuma ya shamba letu, la udongo, refu kuliko mtu mzima, ambalo hatukuthubutu kulipita peke yetu. Yeye alisimulia, sisi tulikuwa wasafiri. "Umefika mtoni, daraja limekatika. Unafanyaje?" Ukishasema, unarusha vizibo vya soda. Vingi vikilala chali, umevuka. Vikilala kifudifudi, shauri yako na mamba.

Wasafiri tulikuwa wawili, mimi na Masanja. Wazazi wake walikuwa wafugaji kule bondeni, upande wa Mtowisa, naye aliletwa kwa mjomba wake, jirani yetu, ili asome. Kwenye mchezo alijiita Mfalme wa Radi, na alitembea kama mfalme hata akitumwa kuni.

Mwanzoni zawadi yetu ilikuwa dhahabu. Ukishinda nyoka, dhahabu. Ukimwokoa mtu, dhahabu. Nayo ilikununulia ngao na upanga. Mahindi ya mbegu mama alikataza kuyagusa, kwa hiyo dhahabu yetu ilikuwa mahindi ya kukaanga. Kosa letu lilianzia hapo. Siku moja tulifika sokoni, Felista akasema, "Mfalme, lete dhahabu ununue ngao."

Masanja akaanza kuchochea moto.

"Masanja, hazina iko wapi?"

"Nimeiweka mahali salama, dada."

"Wapi?"

Akajishika tumbo. Nilicheka mpaka nikalala kwenye majivu, ingawa yangu pia ilikuwa imebaki punje chache. Felista hakucheka. Alifuta ramani kwa kiganja, akaondoka.

Wiki hiyo watu walikuwa shambani kwetu. Baba alikuwa amefariki, na majirani walikuja na majembe kumwinulia mama matuta. Hakuna aliyelipwa. Walikunywa pombe ya ulezi, wakaimba, wakaenda kwao, kwa sababu mama naye alikuwa amelima kwao. Felista alikuwa akiwapelekea maji, akiwatazama. Jioni akatuita.

"Kuanzia leo hakuna dhahabu. Mtapewa milango."

"Mlango unaliwa?" Masanja akauliza.

"Hauliwi. Ndiyo maana."

Ukikisaidia kijiji, ulipata mlango mmoja pale. Mlango ulikupa moto, chakula, mahali pa kulala, na watu wa kukusaidia siku ukizidiwa. Hakuna aliyeandika popote. Ili ufunguliwe ilikubidi umtaje mwenye nyumba na ulichomfanyia, ukisahau, umeupoteza. Na ukipita kijijini bila kupiga hodi na kuamkia wakubwa, mlango unafungwa. Siku moja Masanja alipita mbio akifukuza chui, akarudi mvua inanyesha, akakuta kumefungwa.

"Lakini mimi ni Mfalme wa Radi!"

"Basi nyeshewa na radi yako."

Alinuna siku nzima. Tangu hapo aliamkia kila mtu, hata mbuzi wa kwenye ramani. Nasi tukaacha kuua ovyo. Tulitafuta bibi mwenye mzigo wa kuni kama wengine wanavyotafuta hazina.

Kisha Masanja alirudi bondeni kwa wazazi wake, Felista akaolewa kijiji cha Mwimbi. Mimi niliachwa nimesimama mbele ya nyumba ya zimwi. Miaka yote hiyo jambo hilo lilinikera, nikaona aibu kulisema, mtu mzima na wajukuu.

Mjukuu wangu mmoja hucheza kwenye simu. Zimwi likifa, sarafu zinamwagika zenyewe. Nilimwuliza hizo sarafu ni za nini. "Za kununua panga, bibi." Halafu? "Naua zimwi lingine." Mchana mzima, na hakuna aliyemwambia asante wala karibu. Huwa namcheka, naye ananicheka. Lakini nyumba yangu ya sasa ina geti, na majirani wa kulia nawajua kwa sauti ya redio yao tu. Zamani tulikuwa na baridi na njaa, ila nyumba ambazo ningeingia bila kuulizwa nimefuata nini zilikuwa nyingi.

Felista alipozidiwa tulimleta kwangu Sumbawanga, karibu na hospitali. Niliona sauti yake inapungua, nikaogopa ataondoka mchezo haujaisha. Mchana mmoja, jua limeingia mpaka kitandani, nikamwambia, "Dada, bado niko mlangoni kwa zimwi."

Alifumba macho.

"Limetoka," akasema. "Nyuma yake ndani kumejaa dhahabu. Lakini linatetemeka kwa baridi. Halina mlango popote. Linakuomba mmoja wa kwako."

Nilitafuta vizibo, sikuwa navyo.

"Usirushe. Sema tu. Unalipatia mlango upi?"

Vijiji vingi nilikuwa nimevisahau. Nikasema, "Nalipatia wa jikoni kwa mama."

Akacheka, kicheko kikageuka kikohozi. "Mama angewafukuza wote wawili na mwiko. Haya, limeingia, limekaa kando ya moto. Imekwisha, mdogo wangu."

Kisha akaomba uji. Nikauleta, akaonja, akasema hauna sukari. Nikaenda kuongeza, nikakoroga, nikamshikia kikombe. Akanywa nusu.

"Sasa umezidisha," akasema.