Chini ya Kitanda cha Kirimi

Mkitaka kucheka anzeni sasa tumalize, kwa sababu hapa Mitunguu hata wenzangu tunaouza nao ndizi wakiniona nimeinama kuokota kitu wananiuliza, "Mama Kirimi, leo ni kitanda cha nani?" na ni kweli, mimi mwanamke mzima, mshiriki wa kanisa, mwenyekiti wa kikundi cha akina mama, nilitolewa chini ya kitanda cha kijana wangu mwenyewe, kijana aliyetahiriwa, mbele ya watu, na kitenge changu kikabaki huko huko kimenaswa na waya. (Kamisi ilikuwa safi. Kwa hilo tu namshukuru Mungu.)

Kirimi ni kifungua mimba wangu. Alizaliwa kwa taabu, na tangu utotoni mkono wake wa kushoto umejikunja na unatetemeka, mguu wa upande huo anauburuta, na maneno yake hutoka polepole, moja linapumzika kwanza ndipo lingine lije. Lakini kichwa ni wembe. Mimi ndiye nilimfunga vifungo vya shati, nikamkatia nyama, nikamshikia kikombe, na ndevu zilipomtoka bado nilikuwa nashikilia kikombe. Basi kanisa likaanzisha mpango wa kusaidia vijana wenye ulemavu waishi kwao wenyewe, na aliyeusimamia ni msichana mmoja mpole anaitwa Gakii, sisi wazazi tulimwita mwalimu. Akawafundisha kupika, kufua, kupanga matumizi. Kirimi akapata kazi ya kukaa kaunta kwa duka la vifaa vya ujenzi huko Maua, akapata na chumba, na jioni moja akaniambia, "Mathe, nahama." Nikamwambia vizuri sana mwanangu, nikaingia jikoni nikalia karibu na moshi ili isemekane ni moshi.

Sasa, hicho chumba kilikuwa kwa ploti ya mbao ya mzee M'Ikiara, mzee wa kofia na bakora. Siku ya kuhamia, huyo mzee aliangalia mkono wa Kirimi, akaangalia mbao zake, akasema wazi mbele yetu sote:

"Mimi sina ubaya na kijana. Lakini hii ploti ni mbao tupu, na huo mkono na moto sijajua kama watapatana. Wacha akae. Jumamosi ya mwisho wa mwezi nitakuja kunywa chai hapa. Awashe moto mwenyewe, anipikie mwenyewe, mtu asimshikie hata kijiko. Akiweza, nyumba ni yake. Asipoweza atatoka, na tusikosane."

Kirimi akasema sawa. Mwalimu Gakii akasema sawa. Mimi hakuna aliyeniuliza. Badala yake Gakii alinivuta kando akaniomba nisikanyage pale mpaka hiyo chai inywewe, "kwa sababu, mama, wewe huwezi kumuona akihangaika ukakaa," na baba Kirimi naye akaongezea lake, kwamba tangu lini mama wa Kimeru akaingia nyumba ya kijana aliyetoka kwa kisu cha tohara, hata kitanda chake mama hakigusi, hiyo ni aibu ya ukoo. Nikaapa. Niliapa kabisa, mkono juu.

Ila mnajua kufuli mpya huja na funguo zaidi ya moja. Nilikuwa nimeinunua mimi hiyo kufuli, na wakati wanaume wanateremsha godoro nilimpa Kirimi funguo zake, na mmoja ukaingia kwa sidiria. Nilijiambia ni ya dharura. Kitu kidogo hivyo, kaufunguo kadogo ka shaba, ndiko kaliniangamiza.

Mwezi huo sikulala nikalala. Nikipalilia ndizi naona gesi imelipuka, nikiosha vyombo naona uji wa moto umemwagika mapajani mwake, kanisani pasta anahubiri Ayubu mimi niko Maua. Ule ufunguo ulikuwa unanichoma kifuani kama umetoka jikoni. Jumamosi yenyewe ilipofika nikamwambia baba Kirimi naenda Nkubu kuulizia bei ya ndizi, nikabeba mayai na sabuni ya kusugua sakafu (nani huulizia bei na sabuni?), nikapanda gari la Maua. Mpango wangu ulikuwa rahisi: Kirimi yuko kazini mpaka saa saba, wageni wanakuja saa tisa, mimi nitaingia saa nne, nipige chumba msasa, nipotee. Mzee akute nyumba inang'aa. Nani atajua?

Nilifungua mlango nikashika kiuno. Jiko la gesi lilikuwa chini sakafuni, limezungukwa na matofali kama kaburi la kuku. Sukari ilikuwa ndani ya beseni lisilo na kifuniko, majani ya chai kwa kopo pana, vyote chini, na kando yake kigoda kifupi. Kitanda kilikuwa kimeinuliwa juu ya mawe. Na ukutani, karibu na jiko, kulikuwa na kipande cha ubao ambacho kilikuwa kimepigiliwa kiberiti kwa misumari. Kiberiti! Kwa misumari! Nikasema huyu mtoto anaishi kama mtu anayejificha. Mzee akiona hivi si atasema hajui hata meza ni ya nini?

Basi mikono yangu ikaanza, na mikono yangu ikianza haina breki. Jiko nikalipandisha mezani. Matofali nikayatoa nje. Sukari nikaimimina kwa mkebe wenye kifuniko cha kubana, nikauweka juu ya shelfu nyuma ya unga, majani ya chai juu zaidi. Ule ubao wa kiberiti nikaung'oa, ukatupwa kwa pipa la taka la ploti, na maganda juu. Nikasugua sakafu. Nikaisugua tena. Nikaanza madirisha, na dirisha lenyewe ni moja, lakini niliposema nimemaliza naona alama ya kidole, narudi. Saa ilipita hapo hapo mimi nikipigana na kidole.

Ndipo nikasikia sauti uani. Kirimi. Na Gakii. Na bakora ya mzee, kok, kok, kok, juu ya mawe.

Walikuwa wamekuja mapema kwa sababu mzee alikuwa na mkutano wa mazishi baadaye. Mlango ni mmoja. Nikaona vile itakuwa: mzee akinikuta hapa na kitambaa mkononi, atasema mama ndiye anaendesha nyumba, na kijana atatoka leo leo. Nikaangalia nyuma ya pazia, pazia halifichi hata paka. Nikaangalia kitanda. Nikakumbuka baba Kirimi na ukoo wote. Halafu nikaingia, tumbo likiingia mwisho, kwa nguvu.

"Mlango uko wazi," nikamsikia Kirimi. "Mimi... nilifunga."

"Umesahau," mzee akasema. "Kusahau mlango ni mwanzo. Kesho utasahau gesi."

Hiyo lawama ya kwanza ilikuwa yangu, na niliimeza kama mfupa. Nikaona viatu vyao: vya mzee vyenye vumbi, vya Gakii, na vya Kirimi, kimoja kimelika ubavuni kwa kuburutwa. Viatu vya Kirimi vikaenda mpaka pale jiko lilikuwa, vikasimama. Vikageuka. Vikarudi pale pale.

"Mbona limepanda?" akasema, kama anajiuliza mwenyewe.

"Kuna shida, Kirimi?" Gakii akauliza.

"Hapana. Nitaweza."

Nikamsikia akitafuta sukari. Akiinua mkebe, ukianguka, ukibiringika. Kile kifuniko cha kubana, mkono mmoja, mnaelewa? Nikasikia akiushika kwa meno. Halafu akaenda ukutani akapapasa, akapapasa tena, na hapo ndipo nilielewa ule ubao ulikuwa wa nini. Kiberiti kikiwa kimepigiliwa, mtu wa mkono mmoja anaweza kukwaruza njiti. Kikiwa mezani kinakimbia. Mwanangu alikuwa amejitengenezea dunia nzima ya kumtosha, mawe kwa matofali, na mimi nilikuwa nimeipeleka kwa pipa nikiimba tenzi.

Alijaribu. Gakii alikuwa na kiberiti, akampa, Kirimi akakiweka mezani, kikateleza, kikaanguka, akakiokota, kikaanguka tena, njiti zikamwagika mpaka karibu na pua yangu. Pumzi yake ilikuwa nzito. Mzee akakohoa.

"Kijana, wacha. Si lawama. Mwili ndio umekataa."

"Jana nilipika," Kirimi akasema. "Hata leo asubuhi. Kiberiti kilikuwa hapa. Labda... labda sijui."

Jamani. Hilo "labda sijui" liliniua. Kwa miaka hiyo yote sijawahi kusikia huyo kijana akisema hajui. Alikuwa ameanza kujiona mjinga katika nyumba yake mwenyewe, na aliyemfanya hivyo nilikuwa nimelala hapo chini nikipumua vumbi. Sikupanga chochote. Mdomo ulifunguka wenyewe:

"Kiko kwa pipa! Ni mimi nilikitupa!"

Sijui kama mmewahi kusikia kitanda kikiongea. Gakii alipiga nduru ya kuamsha milima yote ya Nyambene, mzee akasema neno la Kimeru ambalo siwezi kurudia na kanisa liko karibu, akainua bakora. Mimi nikajaribu kutoka haraka, mgongo ukainua kitanda, mguu mmoja wa kitanda ukatoka kwa jiwe, kikanishukia, nikabanwa kama tumbaku. Majirani wakasikia nduru. Maua si mji wa kungoja kuuliza, wakaja vijana wa kufunga miraa na marungu, na mama mmoja na mwiko wa ugali, wote wakilia "Mwizi! Yuko chini ya kitanda! Vuta!"

"Msinipige! Mimi ni mama!"

"Mama wa nani?"

Kirimi akainama, polepole, mpaka uso wake ukawa sawa na wangu.

"Mathe," akasema. "Uko na nani huko?"

Watu wakaangua kicheko, mlango mzima, na waliokuwa nyuma wakauliza wa mbele ni nini, wakaambiwa, wakacheka upya. Wakainua kitanda, nikatoka kwa magoti, kitenge kikabaki. Mzee M'Ikiara akageuza uso akaangalia ukuta, akatema mate nje ya mlango. "Mama, chini ya kitanda cha mwanamume! Hii itataka mbuzi wa kuosha aibu." (Ilitaka. Baba Kirimi alimtoa bila kunisemesha, na pasta aliyesema hizo ni mila za zamani alikula ubavu.)

Nilianza kueleza huku nalia, nikishika jiko nilishushe, nikitafuta sukari, mikono ikikimbia tena. Kirimi akaniwekea mkono wake begani, ule unaotetemeka.

"Mathe. Mimi si mwiji." Mwiji kwetu ni mvulana ambaye hajatahiriwa, ambaye bado anaogeshwa. "Kaa nje."

Nikakaa nje, kwa ngazi, nimefungwa leso ya yule mama wa mwiko. Na ploti yote ikaangalia Kirimi akiburuta mguu mpaka kwa pipa. Kijana mmoja akataka kumsaidia akakataa kwa kichwa. Akatoa ubao wake, akakung'uta ganda la ndizi, akarudi. Akabeba matofali, moja, moja, na hakuna aliyecheka tena. Nikasikia nyundo. Nikasikia njiti ikikwaruzwa, mara moja, na gesi ikisema fuuu. Nilikuwa nimeuma leso.

Mzee alikunywa kikombe. Akakaa. Akaomba kingine. Kisha akatoka akasimama juu yangu, akaniambia bila kuniangalia, kwa ajili ya ile aibu:

"Kijana wako atakaa. Sina wasiwasi naye. Wewe ndiye hujafundishwa kuishi peke yako."



Nilipokuwa naondoka Kirimi alinifuata mpaka mlango wa ploti, akafungua kiganja. Ilinibidi niingize mkono kwa sidiria mbele ya wale vijana wa miraa, niutoe ule ufunguo, ungali moto wa mwili wangu, nimpe. Akaufunga ndani ya ngumi, akanipa mayai yangu niliyoyasahau. "Uuze," akasema, "mimi niko na yangu." Nililia mpaka Meru mjini, na katikati ya kulia nikacheka, watu wa gari wakasogea.

Basi nimeapa upya, na hii ya sasa mniamini: sitashika tena ufunguo wa nyumba ya mtu, hata pasta akinipa wa kanisa namrudishia. Majuzi Kirimi alinialika chai. Nikafika, nikabisha.

"Nani?"

"Ni mimi. Mama yako."

Nikasikia mguu ukiburutwa. Kitu kikaanguka, kikabiringika. Mkono wangu ukaruka wenyewe ukashika kitasa, na mlango haukuwa umefungwa, niliusikia ukilegea.

"Ngoja," akasema kutoka ndani.

Nikauachilia. Nikaweka mikono nyuma, mmoja ukashikilia mwenzake, nikangoja.