Mshona Kofia wa Mutsamudu na Saa Moja ya Kutulia

Saa nne asubuhi, Badjanani, mji wa kale wa Moroni. Soidri amekaa kizingitini mwa nyumba ya dada yake Saoudat, kofia nyeupe magotini. Kope ya jicho lake la kushoto imebanwa juu kwa plasta, maana ikiachiwa inaanguka na kuziba jicho zima. Anatoboa kitobo, anakizungushia uzi, anakaza. Leo anasubiri majibu, na subira imemwishia.

"Yasipokuja leo nitayafuata mwenyewe," anasema.

Soidri, mwenye miaka arobaini na sita, ni mshona kofia wa Mutsamudu. Zamani kofia moja ilimchukua miezi miwili. Tangu mwaka jana, kope zilipoanza kuanguka na taya kuchoka katikati ya chakula, amemaliza moja tu. Ya pili ndiyo hii, ya mchumba wa bintiye Nadjma.

Madaktari walikuta uvimbe kwenye tezi ya thaimasi, nyuma ya mfupa wa kifua. Ndio uliokuwa ukimlegeza misuli. Kabla ya kupasua walitaka kujua: ni mpole, ukatwe mara moja, au ni mkali, zitangulie dawa kali kwa miezi? Kipimo cha kujua hilo kiko Afrika Kusini, na mwaka huu wa 2008 mzozo wa kisiwa chao kutaka kujitenga umeifungia Mutsamudu njia. Kibali cha kuvuka hadi Moroni alikisubiri siku kumi na tisa.

"Wakubwa wanavutana, mimi kope inaanguka," anasema.

Kutoka Moroni alifika Afrika Kusini, akadungwa sukari yenye mionzi hafifu. Uvimbe mkali una pupa, huila sukari hiyo kwa wingi na kung'aa kwenye picha. Akaambiwa kabla ya picha akae saa moja, atulie tuli. Akarudi Moroni kungoja, na wiki nzima kimya.

Mara Daktari Charifa, anayemtibu hapa, anatokea uchochoroni na bahasha. Salamu leo ni fupi.

"Bwana Soidri, mkono wako wa kulia unang'aa toka kiwiko hadi vidole. Wenzangu wanahofia ugonjwa umesambaa. Ile saa moja ulifanya nini?"

"Nilitulia, daktari."

"Ulitulia vipi?"

Soidri anaitazama kofia. "Nilishona kidogo. Ilikuwa mfukoni. Mimi nikishona ndipo ninapotulia."

Saoudat, aliyesimama mlangoni nyuma yake, anajishika kichwa. "Kaka, umetuua!"

Charifa anacheka hadi anaegemea ukuta. Misuli ikifanya kazi nayo hula sukari, anaeleza, na papo hapo anampigia mpasuaji simu. Saoudat anamtazama mdomo bila kupepesa. Simu inakatwa.

"Basi, mkono ni kushona tu. Uvimbe wenyewe umefifia pichani, umekaa ndani ya ganda lake. Neno la mwisho ni la maabara, lakini unapasuliwa moja kwa moja, tarehe kumi na nane."

Soidri anampigia mkewe Touhfat, Mutsamudu. Laini inakatika mara tatu kabla ya kushika.

"Hakuna dawa za kutangulia," anamwambia. "Mwambie Nadjma asiahirishe ndoa."

Charifa ananyoosha mkono, anaichukua kofia. "Safari hii inabaki kwangu."

Soidri anaisindikiza kwa jicho lake moja zima. "Itunze, daktari. Vimebaki vitobo arobaini. Nitavimalizia nyumbani, macho yote mawili yakiwa wazi."