Katika studio ya Dancan, viatu havivuliwi mlangoni

Saa mbili asubuhi, mtaa wa Matisi mjini Kitale, matope ya mvua ya jana bado yanang'ang'ania miguu ya wapita njia. Mbele ya chumba cha Dancan Ngari kuna katoni iliyojaa ndara kuukuu, nyekundu, buluu, nyingine zimeshonwa kwa waya. Katika nyumba za majirani mgeni huvua viatu asichafue sakafu. Hapa anayekuja miguu mitupu huvalishwa.

"Vaa hizo, dada," Dancan anamwambia msichana wa kwaya.

"Ni kubwa kama mashua."

"Hata zikiwa za babako, vaa."

Wenzake wanacheka. Dancan hacheki. Anangoja mpaka miguu yote ifunikwe, ndipo anafungua mlango.

Kijana huyu wa miaka ishirini na tisa anarekodi nyimbo za makanisa. Hana mpiga ngoma. Ana sanduku la bati lenye vitufe vya mraba: ukibonyeza kimoja inalia ngoma kubwa, ukibonyeza kingine kinalia kitu kama kayamba. Hiyo ndiyo mashine ya ngoma, na kazi yake ya kwanza kila asubuhi ni kuiunganisha na kompyuta.

Anateremsha sauti zote hadi chini kabisa. Anachukua waya mmoja kutoka mgongoni mwa mashine na kuuingiza katika tundu la nyuma ya kompyuta, lile la kupokea sauti, si lile la maikrofoni.

"Ukiweka kwa ile ya maiki, ngoma inakuja imepasuka kama debe," anaeleza.

Kisha anaweka waya wa pili, ambao haubebi sauti. Huo hubeba mwendo tu, ili kompyuta ihesabu na mashine ifuate. "Hawa wawili lazima mmoja akubali kuongozwa. Ukiwaachia wote waongoze, kufika ubeti wa pili kila mtu ako kwake."

Anapandisha sauti polepole, macho kwenye kioo cha kompyuta. Yote yakiwa sawa anafanya jambo la mwisho, na hili halihusu muziki. Anapiga magoti na kukagua plagi zote, moja baada ya nyingine, akitafuta waya mwembamba wenye rangi ya kijani na manjano. Ndipo anawaambia watu waimbe.

Mzazi mwenye kijana anayejifungia chumbani na nyaya zake, afadhali asome habari hii mpaka mwisho, kwa sababu kukosekana kwa waya huo mdogo nusura kumalize mtu.

Dancan alizaliwa hapa Trans-Nzoia, katika familia ya wakulima wa mahindi waliohamia kutoka Mkoa wa Kati. Baada ya kidato cha nne alitengeneza redio za majirani, mpaka aliposikia kwamba bendi moja ya hotelini mjini Bungoma imevunjika na inauza vyombo. Alirudi na mashine ya ngoma imefungwa ndani ya gunia. Mama yake, Rahab Wamboi, muuza maziwa, alimwachia chumba alichokuwa akiwekea chakula cha kuku.

Alimwachia chumba, lakini moyo wake haukutulia. Siku ya kwanza alisimama mlangoni akiangalia nyaya zilivyotambaa, akauliza swali moja tu.

"Hii kitu yako ikikasirika, inazimwa wapi?"

Dancan alicheka, akamwonyesha swichi kubwa ukutani, nje kidogo ya mlango.

Taabu ilianza siku alipounganisha mashine na kompyuta. Kila moja ilikuwa na plagi yake, katika soketi ya ukuta wake. Zikiwa zimetengana zilitulia. Zikikutanishwa na waya wa sauti, spika zilitoa mvumo mzito usiokoma, vuuu, kama nyuki ndani ya mtungi. Mvumo uliingia katika kila wimbo. Wateja walianza kuulizana kama kuna posho mill, kinu cha kusagia unga, karibu.

Rafiki yake Kiplagat, ambaye naye alikuwa akirekodi nyumbani, alimpa dawa. "Fungua plagi, toa ile waya ya kijani. Hiyo ndiyo inaleta kelele. Mimi nilitoa yangu kitambo."

Dancan akatoa wa kompyuta, mvumo ukapungua. Akatoa wa mashine, ukapungua zaidi. Akatoa na wa amplifaya inayokuza sauti, chumba kikanyamaza kabisa.

"Nilijiona fundi," anasema leo, akiangalia mikono yake.

Ishara zilikuwepo. Sanduku la kompyuta lilianza kuchoma vidole kama upupu. Siku moja Rahab alikuwa akipangusa vumbi, akaruka nyuma.

"Dancan, hii kitu inauma."

"Si kuuma, mama. Inakusalimia."

Yeye mwenyewe hakuwa akiumwa sana, kwa kuwa alishinda na ndara miguuni. Lakini hajasahau lile neno alilomjibu mama yake, "inakusalimia". Amelirudia mara mbili katika mazungumzo haya.

Aprili mwaka 2006 ilikuja kwaya kutoka Naitiri, upande wa Bungoma, ikiongozwa na Mwalimu Wamalwa. Wao ni watu wa kanisa ambalo haliimbi mbele za Mungu likiwa na viatu. Kanisani, shambani, matangani, popote wimbo unapoanzia, miguu hubaki mitupu. Walivua viatu nje, mvua ikinyesha, wakaingia na maji yao hadi sakafu ya saruji ikang'aa. Dancan alifurahi kwamba hawakuleta matope.

Mwimbaji wao mkuu alikuwa Agneta Nabwile, mama wa watoto watano, mkulima wa vitunguu. Wimbo alikuwa ameutunga mwenyewe, akilima. Mashine ikahesabu, ngoma ikaanza. Nabwile akashika maikrofoni ya chuma, akaisogeza mdomoni.

Alitoa sauti moja ambayo haikuwa ya wimbo.

Mkono ulikuwa umegandana na chuma. Mwalimu Wamalwa aliruka kumvuta. Kabla hajamgusa, taa ilizimika, ngoma ikanyamaza, Nabwile akaanguka juu ya benchi. Rahab alikuwa amesimama nje, mkono wake juu ya swichi, ndoo ya maziwa imemwagika miguuni pake.

"Sikuwa najua stima," Rahab anasema, akimaanisha umeme. "Nilikuwa najua tu mahali inazimwa. Niliuliza kwa sababu niliogopa. Watoto wanatucheka tukiogopa, lakini mimi naambia akina mama, ogopeni na muulize."

Nabwile alipona. Alibaki na kovu mdomoni na lingine kiganjani. Dancan alifunga chumba. Alikuwa hata hawezi kuigusa redio.

Ni Rahab aliyemvuta mpaka Naitiri kuomba msamaha. Walipokewa na mume wa Nabwile, ambaye aliwapa viti. Nabwile ndiye aliyesema.

"Kijana yangu, mimi sikuja kwako kukufa. Nilikuja kuimba, na wimbo bado iko hapa," akajigusa kifua. "Enda utengeneze hiyo kitu. Ukimaliza, uniite."

"Utarudi, mayi?" Dancan aliuliza, akimwita mama kwa lugha ya kwao.

"Si nimesema uniite?"

Dancan alimtafuta Wanjala, fundi wa umeme anayeishi Webuye, aliyefanya kazi miaka mingi katika kiwanda cha karatasi. Wanjala alifungua mashine ya ngoma kwanza. Ndani, waya wa moto ulikuwa umechubuka na kulalia bati. Kwa hiyo bati lote lilikuwa na stima, na kupitia nyaya za kuunganishia, ikasafiri hadi maikrofoni.

"Sasa ile waya ulitoa," Wanjala alimwambia, "kazi yake ni kupeleka hiyo stima kwa udongo, fyuzi ikatike. Ukaitoa, stima ikatafuta njia ingine. Ikapata mama wa watu, miguu mitupu, kwa maji."

Kisha akafungua soketi za ukutani. Moja ilikuwa na matundu matatu, lakini la tatu halikuunganishwa na chochote. Wanjala alichimba nje ya ukuta, akagongomea fimbo ya shaba ardhini, akavuta waya hadi ndani. Nyaya za kijani zikarudi kwenye plagi zote. Vyombo vyote vikachomekwa kwenye soketi za ukuta mmoja, na mvumo ukashuka, ingawa haukuisha.

Nabwile alirudi mahindi yakiwa tayari yamevunwa. Mlangoni alivua viatu kwa mazoea. Rahab, bila kusema, alimwekea ndara zake mwenyewe mbele.

"Mahali pa wimbo wa Mungu tunavaa viatu, dada?" Mwalimu Wamalwa alinung'unika.

"Mungu anajua miguu yangu, Mwalimu. Ni stima haijui," Nabwile alimjibu.

Alivaa. Alisimama mbele ya maikrofoni bila kuigusa, akiwa amekumbatia mikono. Mashine ikahesabu, ikapita bila yeye kuanza. Ikahesabu tena ikapita. Hakuna aliyemharakisha. Katika kimya hicho spika zilisikika, vuuu, kwa mbali.

"Hiyo ni nini?" akauliza.

"Ni ile kelele, mayi. Nitajaribu kuipunguza."

"Na ile waya ya kijani iko?"

"Iko."

"Basi wacha iimbe na mimi."

Akaimba. Katika kanda ile, kati ya ubeti na ubeti, mvumo unasikika mpaka leo. Dancan hajaufuta, na mteja akiuliza humsimulia.

Sasa anatoza shilingi elfu moja na mia tano kwa wimbo, na kila mwezi anaweka kidogo kando. Anataka kufungua chumba cha pili Bungoma mjini. Lakini kabla ya hicho anataka kununua swichi ya kisasa, ile inayojikata yenyewe stima ikimshika mtu.

"Nikiipata, mathe atapumzika," anasema, akimtaja mama yake.

Asubuhi hii kwaya imeanza ubeti wa kwanza. Nje ya mlango, Rahab Wamboi amekalia kigoda chini ya swichi kubwa, anaambua maharagwe, masikio yako ndani.

"Ainunue," anasema bila kuinua macho. "Na mimi nitakaa hapa tu."