Ngozi Tuliyozibia Gari la Turubai

Juma lile tulikuwa watano nyumbani kwetu Rhotia. Mimi, mume wangu aliyekuwa fundi wa magari, mama yangu mzazi aliyekuwa mgonjwa wa kifua, wifi yangu, yaani dada wa mume wangu, na rafiki wa mume wangu, mfugaji kutoka Enguserosambu, aliyetuletea kondoo. Majina yao yote ninayo kichwani, mpaka la babu yake yule mfugaji, ila siyaandiki. Wana wajukuu.

Gari lilikuwa la milango miwili, la zamani, paa lake turubai la kukunja nyuma. Mzungu wa shamba la kahawa alimwachia mume wangu alipoondoka. Injini nzima, lakini ile mipira inayozunguka milango na pale turubai linapokutana na kioo ilikuwa imekauka, inakatika kama mkate. Mume wangu aliitafuta Arusha mara mbili, akaambiwa mipira ya gari lile haiji tena. Miaka ile hata sabuni ilikuwa ya kutafuta. Akakata mpira wa ndani wa tairi, akaubandika kwa gundi. Mvua moja tu, ukabanduka.

Na mama alitakiwa arudi hospitali Karatu. Daktari alishasema, huyu asilowe, asipigwe baridi. Basi kazi yetu yote ilikuwa hiyo, mama afike mkavu.

"Mkwe wangu," mama akamwambia, "hili si gari, ni chekeche."

"Tutaliziba, mama."

"Kwa nini? Kwa maneno?"

Wifi alicheka mpaka akakaa chini.

Yule mfugaji ndiye aliyesema, "Shemeji, si mna ngozi ya ng'ombe hapo? Ipake mafuta ya mkia wa kondoo mara tatu, kila mara uianike. Isipokunywa mafuta, itakunywa maji."

Tukamchinja kondoo aliyetuletea, na kupaka ikawa kazi yangu. Nilipaka mara moja. Mama alisikia harufu ya mafuta yale kutoka ndani, akasema anatamani makande yaliyotiwa hayo. Alikuwa hajala vizuri siku nyingi. Nikayamalizia yote kwenye makande. Alikula, akalamba vidole, akaomba tena. Nikamwambia mume wangu ngozi iko tayari.

Aliikata vipande vyembamba, akavipigilia kuzunguka milango na pale mbele kwenye kioo, akamwagia gari debe la maji. Halikupita hata tone. Alifurahi sana, maskini.

Usiku wa kuamkia safari mvua ikanyesha mpaka asubuhi, na ilikuwa bado inanyesha tulipomtoa mama nje tumembeba kwenye kiti, tumemfunika mablanketi mawili. Mlango ukakataa. Ngozi ilikuwa imevimba, imekaba milango yote miwili. Mume wangu alivuta, kitasa kikabaki mkononi. Mama alikuwa anahema kwa shida.

"Kunjeni turubai," akasema mume wangu. "Tumpitishe juu."

Tukamnyanyua, tukamwingiza garini kwenye mvua ile ile. Turubai kulirudisha, halikufika kwenye kioo. Ngozi ya mbele nayo ilikuwa imevimba kwa maji. Mimi na wifi tukalishika kwa mikono mpaka Karatu, maji yakimwagika juu ya mama. Hakulalamika. Aliniambia tu, "Mikono yako itakufa ganzi, mwanangu."

Mume wangu alijilaumu mpaka alipokufa, akisema alikata ngozi pana mno. Nilimsikia akisema hivyo mara nyingi, na habari ya makande sikumwambia. Leo ndiyo naiandika.

Mimi nakumbuka mama alifariki kesho yake jioni. Wifi, ambaye bado yupo, anasema hapana, zilipita siku tisa, na alikuwa ameanza kunywa uji. Kama zilikuwa tisa, labda si mvua ile. Sikusoma sana, sikuandika popote. Kwa hiyo mliokuwepo hospitali siku zile, au mliosimuliwa na wazazi wenu, kama nimekosea naomba mnisahihishe.