Themosi Aliyoivunja Mwalimu Wambeti

Mwalimu Teresia Wambeti anafundisha darasa la tano katika shule ya msingi nje kidogo ya mji wa Embu. Mwaka jana, siku ya wazazi ilipokaribia, alichoka na mashairi yale yale ya kuwakaribisha wageni. Akatunga mchezo wa kuchekesha, wenye nyimbo, kuhusu utoto. Watoto waliimba kuhusu jino linalong'olewa kwa uzi, sindano ya kliniki, na viatu vya kurithi vilivyojazwa karatasi mbele.

Lakini onyesho refu zaidi lilikuwa lake mwenyewe. Akiwa na miaka minane, kwao Kianjokoma, alivunja themosi ya mama yake, ile yenye maua mekundu iliyotunzwa kwa ajili ya wageni. Aliivunja saa moja kabla ya mchungaji kufika. Alipoulizwa, alimtaja kaka yake, Mwaniki. Kwa kosa hilo Mwaniki alichuma majani chai Jumamosi nne mfululizo, wenzake wakicheza mpira. Teresia alinyamaza miaka thelathini. Aliliweka jambo hilo kwenye mchezo kwa sababu alijua mama hangekuja. Mama hakuwahi kuwaacha ng'ombe wake kutwa nzima.

Siku yenyewe, Teresia alikaa nyuma ya pazia na kinanda chake. Alichungulia. Mama alikuwa ameketi safu ya pili, amevaa kitambaa cha kanisani, na kando yake Mwaniki. Teresia alitaka kuwanong'oneza watoto waruke onyesho lile, lakini Purity, msichana aliyeigiza kama yeye, tayari alikuwa amesimama mbele ya vigae vya themosi akiimba kwa sauti yake yote:

"Si mimi, mama, ni Mwaniki!"

Teresia hakuwa amelibadilisha hata jina.

Mama alisimama. "Teresia! Kumbe ni wewe!"

Purity alimgeukia nyanya huyo bila woga. "Shosho, ngoja kidogo. Hatujafika pa kuomba msamaha."

Watu waliangua kicheko, mwalimu mkuu akashikilia kiti. Mama hakucheka. Alimtazama Mwaniki. "Mwanangu, mbona hukuniambia?"

"Nilikuambia, mama. Mara tatu."

Mama aliketi polepole, akamshika mkono. "Basi nilikukosea," alisema, na safu ya kwanza yote ikasikia.

Teresia alitoka nyuma ya pazia, uso ukimwaka. Alikuwa ameandika maneno mazuri ya msamaha kwa ajili ya Purity, lakini yote yalimtoroka. "Kaka, nisamehe," alisema tu. "Niliogopa."

"Na mimi nilichuma," Mwaniki akajibu, kisha kicheko kikamshinda, akacheka hadi akafuta macho. Watoto, walioona wakubwa wamewachukulia jukwaa, wakaanza wimbo wa mwisho bila kinanda.

Muhula uliofuata, shule jirani iliwaalika waigize tena. Wanafunzi walikataa kabisa kuucheza mchezo kama ulivyoandikwa mwanzo. Walitaka nyanya anayesimama katikati ya watu. Kazi hiyo ilipewa Riungu, mvulana mpole asiyezoea kuinua mkono darasani. Alifungwa kitambaa kichwani, akaketi kati ya wazazi, na alipofoka, "Kumbe ni wewe!" mama mmoja aliyekuwa kando yake alimvuta nguo akimsihi aketi, awaache watoto waendelee.