Kupeleka Posa Kamachumu kwa Gari la Turbo

Niliondoka Buswelu kwa sababu niliamriwa niondoke. Koku, mwalimu wa sekondari huko Muleba na mwanamke niliyemwahidi ndoa kwa miaka mitatu, alinipigia simu Jumapili akitoka kanisani, na safari hii hakuniuliza habari za wiki. "Masanja," alisema, "baba anawasubiri nyumbani Kamachumu Jumamosi saa nane mchana, wewe na mshenga wako. Anataka uje mwenyewe akuone. Msipofika, usinitafute tena." Koku hasemi jambo mara mbili.

Miaka mitatu hiyo nilikuwa na sababu moja tu ya kutokwenda kwao, na niliitamka kifua mbele: gari halijakamilika. Ni gari la Kijapani la milango minne, lina turbo, linavuta kwa magurudumu yote manne, na lilitoka kiwandani nikiwa darasa la tatu. Nililinunua likiwa limechoka hoi. Nikafungua injini, nikabadilisha gasketi na ringi za pistoni, nikaweka rejeta kubwa, shokapu ngumu, na turbo yenye pumzi zaidi kuliko ile iliyokuja nalo. Kazi yangu ni kufunga umeme wa majumbani, lakini kila Jumamosi ungenikuta chini ya gari hilo. Nilimwambia Koku kwamba likikamilika ndilo litakalonipeleka kwao, ili wakwe waone wanamkabidhi binti kwa mtu anayejua kazi. Aliponisihi niende kwa basi nilikataa. Basi ni la mwenyewe; hili ni langu, na kila nati yake naijua.

Jumamosi, saa kumi na mbili asubuhi, mjomba Lukas alifika nyumbani amevaa suti ya kahawia. Ni kaka wa mama, mwalimu mstaafu, na ndiye aliyekuwa mshenga wangu. Barua ya posa ilikuwa katika mfuko wa ndani wa koti, na kila baada ya muda aliipapasa kuhakikisha ipo. Nilikuwa nimeshakagua oili, maji na upepo wa matairi. Tangu Alhamisi nilikuwa pia nimepandisha presha ya turbo kidogo, maana nilitaka nguvu ya kutosha milimani.

Mjomba alilizunguka gari mara moja. "Nyanda," alisema, yaani kijana kwa Kisukuma, "hili linakwenda au linapaa?"

"Linakwenda, mjomba. Funga mkanda."

Usagara tuliiacha barabara ya Misungwi tukashika ya Geita, na kabla ya saa moja na nusu tulikuwa tumeshavuka daraja la Busisi. Mjomba, ambaye ujana wake wote aliumaliza kwenye foleni ya kivuko pale, alitaka nipunguze mwendo ayaone maji vizuri. Nilipunguza. Tulipofika ng'ambo nikakanyaga mafuta, turbo ikapiga mluzi, na mjomba akashika mpini wa juu ya mlango kwa mikono miwili. Nilicheka peke yangu.

Geita, saa mbili na nusu, tulisimama kunywa chai. Nilichomoa ufunguo, nikashuka, nikafunga mlango, na injini ikaendelea kunguruma. Mama muuza chai alinifuata na birika mkononi.

"Kaka, gari yako bado inawaka."

"Najua, dada. Itazima yenyewe."

Aliliangalia, akaniangalia mimi, akarudi kwenye jiko lake. Ilibidi nimweleze mjomba. Turbo inazunguka kwa moshi wa injini, na ukitoka kwenye mwendo mkali inakuwa imewaka moto kama mkaa. Ukizima ghafla, oili inayoipoza inasimama, inaungulia mle ndani, na turbo inakufa mapema. Kwa hiyo nilifunga kifaa kidogo kinachoiacha injini itembee dakika tatu baada ya ufunguo kutoka.

"Kwa hiyo ukifika mahali," alisema mjomba akipuliza chai, "wewe unashuka, gari linabaki safarini."

Tulipita Chato yapata saa nne na nusu, ziwa likitokea na kupotea upande wa kulia, barabara nyeupe kwa jua. Nilikuwa nikiyapita malori mawili kwa mpigo pale kitu kiliposema pwaa! chini ya boneti. Gari likaishiwa nguvu, moshi mweusi ukatoka nyuma, na yale malori yakatupita, dereva wa kwanza akitupungia mkono kwa furaha kubwa.

Niliujua ugonjwa kabla sijafungua boneti. Mpira mnene unaopeleka hewa ya turbo kwenye injini ulikuwa umechomoka, na klempu yake, ule mkanda wa chuma unaoubana, imekatika. Klempu ile ilikuwa ya presha ya zamani. Alhamisi niliongeza presha nikasahau kuibadilisha. Kosa ni langu mwenyewe, na nalisema wazi.

"Tunageuka tukatafute basi?" aliuliza mjomba, mkono kwenye barua.

"Mjomba, gari hili halijawahi kunilaza njiani."

Tuliliendesha taratibu likikohoa hadi kijiji kilichofuata, karibu na maji, ambako watu hulima nyanya za kumwagilia. Hapakuwa na duka la vipuri. Palikuwa na duka la pampu na mipira ya maji, na mwenyewe alikuwa mama mnene aliyejitambulisha kuwa ni Mama Neema. Nilimwonyesha klempu iliyokatika. Aliigeuzageuza, akaingia ndani, akatoka na nyingine pana, ya chuma kizito, yenye boliti badala ya skrubu.

"Hii ni ya pampu," alisema.

"Itashika?"

"Inashika maji kutoka ziwani mpaka kwenye nyanya kule juu, na upepo wako itashindwa?"

Nilifunga klempu ya Mama Neema, nikarudisha presha ya turbo ilipokuwa kabla ya Alhamisi, na kwa sababu mpira wenyewe ulikuwa umechanika mdomoni ikabidi niukate, niufupishe na kuufunga upya. Saa sita ilifika nikiwa bado nimeinama. Nilipomaliza, Mama Neema alitazama mikono yangu, kisha suti ya mjomba.

"Mnaenda wapi na vazi hilo?"

"Ukweni. Kupeleka posa."

"Na mikono hiyo?" Alileta ndoo na sabuni ya kufulia, akasimama juu yangu mpaka kucha zikatakata.

Muleba tulipita saa saba na dakika ishirini. Kutoka hapo barabara inapanda kwenda Kamachumu, kona juu ya kona, migomba pande zote, na siku nyingine ningeifurahia sana. Siku hiyo niliipanda kwa gia ya pili na ya tatu, mafuta chini. Magurudumu manne yalishika kila kona kama nilivyoyatengeneza yafanye, na mjomba alikuwa akisali kwa Kisukuma.

Saa nane kasoro dakika tano tuliingia uani kwa kina Koku. Baba yake alikuwa amesimama mlangoni, mzee mrefu mwenye fimbo, na ndugu zake wanne wamejipanga kando yake. Nilichomoa ufunguo, nikashuka, nikainama. "Shikamoo baba."

Hakuitikia. Alikuwa akilitazama gari, ambalo lilikuwa linanguruma nyuma yangu.

"Mgeni anayeacha gari likiwaka uani kwangu," alisema, "hajaja kukaa."

Nilikuwa na njia ya kulizima. Kulikuwa na kitufe. Lakini turbo ilikuwa imetoka kupanda mlima ule wote, na mkono ulikataa. "Baba, naomba radhi. Ufunguo huu hapa. Likizimwa na moto wake linaharibika. Naomba dakika tatu."

Aliegemea fimbo yake. Tulisimama wote pale uani tukilisikiliza gari, wazee watano, mjomba na mimi, na sijawahi kuona dakika tatu ndefu kama zile. Lilipozima lenyewe, kuku walisikika tena. "Marahaba," alisema mzee. "Ingieni."

Ndani tulipewa kikapu kidogo cha kahawa ya kutafuna, kama Wahaya wanavyompokea mgeni. Mjomba alitoa barua kwa mikono miwili, akaongea kwa ufasaha hadi nikajivunia kuwa naye. Kisha Koku akaitwa. Alikuja, akapiga magoti karibu na mama yake, na hakunitazama.

"Unawafahamu wageni hawa?" aliuliza baba yake.

"Nawafahamu."

"Tuipokee barua yao?"

Shangazi mmoja alikohoa. "Baba, kabla sijajibu," alisema Koku, "naomba umuulize kama gari limekamilika."

Mzee alishangaa, lakini aliniuliza. Mjomba alinikanyaga mguu chini ya meza, maana yake sema ndiyo, tuondoke na heshima. Nami ningeweza kuitetea ndiyo hiyo. Gari lilikuwa limetufikisha. Lakini nilimwona Koku alivyoinamisha kichwa akingoja, na nikaelewa kwamba nikisema ndiyo, nitakuwa nimemwambia mbele ya ukoo wake kuwa zamu yake imefika baada ya gari.

"Halijakamilika, baba," nilisema. "Limefungwa klempu ya pampu ya nyanya. Na halitakamilika, gari la namna hii halina mwisho. Ningetakiwa kuja miaka mitatu iliyopita, hata kwa miguu."

Koku aliinua uso. "Ipokeeni," alisema.

Jumapili asubuhi, baada ya kulala Muleba, tulipita kuaga. Koku alinisindikiza hadi kwenye gari, akagusa boneti kwa kidole, akasema bila kunitazama, "Ijumaa nilikuandikia ujumbe wa kuachana. Upo kwenye simu. Nilikuwa nangoja saa nane ipite niutume."

Mjomba alilala kuanzia Chato. Niliendesha taratibu pembeni ya ziwa, klempu ya Mama Neema imeshika vizuri, turbo haina neno. Nimejifunza kwamba gari la zamani ni la kutunza tu, halimaliziki, na anayesema atamaliza kwanza ndipo aishi anajidanganya na kumtesa mwingine. Lakini sikuwa nikifikiria hekima wakati ule. Nilikuwa nikifikiria zile dakika tano tulizowahi kabla ya saa nane. Safari nzima ya kwenda sikuogopa kitu. Niliogopa nikiwa narudi, na jibu ninalo tayari, hadi nikasimamisha gari kando ya barabara, nikachomoa ufunguo, na kukaa nikiisikiliza injini mpaka ilipozima yenyewe.