Usajili wa Abiria

Benchi lililo mbele ya kibanda changu cha kushona lina sheria kali kuliko mahakama, na benchi ni langu, kwa hiyo msinibishie. Upande wa kushoto wanakaa mashabiki wa Nyuki. Upande wa kulia tunakaa sisi wa Radi. Mwanamke mimi ni Radi wa kufa na kuzikwa; hata kitambaa ninachofutia mafuta ya cherehani kilikuwa jezi ya Nyuki. Katikati, pale penye msumari uliochomoza, alikuwa anakaa Abiria, peke yake.

Abiria ni dobi. Chumba chake cha kazi na kulala kiko nyuma ya kibanda changu, tumetenganishwa na ukuta tu, na kutwa nzima nasikia pasi yake ya mkaa ikitua mezani. Jina la kuzaliwa analo, lakini ukimuulizia kwa jina hilo hapa mtaani utarudi ulikotoka. Tulimwita Abiria kwa sababu ya Reli, timu ya wafanyakazi wa reli, ambayo zamani ilikuwa timu kweli na sasa kila msimu inanusurika kushuka daraja kwa tundu la sindano. Shabiki wa Reli mtaani kwetu alikuwa amebaki yeye. Akitokeza tu kwenye kona, Muuza Nyama, ambaye ndiye mwenyekiti wa Nyuki, anapaza sauti: "Jamani, treni imefika na abiria wake wote!"

"Angalau sisi siti zipo," Abiria anajibu, anakaa juu ya msumari wake. "Nyinyi mmebanana huko mpaka mnanuka."

Basi hapo ndipo siku inaanza. Kushoto wanamtukana, kulia tunamtukana, naye anajibu kote kote kama mtu mwenye midomo miwili. Siku za kufua, kamba yake inajaa jezi zetu, njano za Nyuki na nyeupe za Radi, halafu mwisho kabisa, mbali na maji yanayochuruzika, jezi moja rangi ya damu ya mzee. Hiyo ni ya Reli, ya kwake. Anaipiga pasi kwanza, kabla ya zenye wenyewe.

Reli aliambukizwa na marehemu mkewe, aliyekuwa anauza tiketi pale uwanjani kwao. Walikuwa wanakwenda wawili, wanarudi wawili, na timu ikifungwa wanagombana njia nzima kipa alikosea wapi. Mama wa watu alipofariki, binti yao alikuwa ameshaolewa mbali. Binti ana adabu, anapiga simu. Siku moja nilikuwa mlangoni kwa mzee nafuata shuka zangu, nikasikia: "Baba, umekula?" Akajibu, "Nimekula, mama, nimeshiba." Nikatazama sufuria. Ilikuwa imefunikwa kifudifudi, kavu. Iliniuma.

Tulikuwa na jambo letu la ukutani pia, mimi na yeye. Radi ikifungwa bao, popote pale, mzee anagonga ukuta kwa mpini wa pasi. Ko, ko, ko! Hata kama nina mteja napima kiuno, nitasikia. Na mimi Reli ikifungwa namgongea kwa mkasi. Na kwa jinsi Reli ilivyokuwa inafungwa, plasta ya upande wangu imebomoka.

Sasa nieleze hiyo sheria, maana bila hiyo hamtaelewa. Ligi inapofungua dirisha dogo katikati ya msimu, na vilabu vinanunua na kuuza, benchi letu nalo linafungua dirisha lake. Kwa muda huo mtu yeyote anaruhusiwa kuhama timu, na hakuna atakayemwita msaliti. Anatambulishwa kama mchezaji: anavalishwa jezi mpya hadharani, Kinyozi, Radi mwenzangu, anamwekea brashi yake ya nywele mdomoni kama kipaza sauti, anahojiwa, watu wanapiga makofi. Dirisha likifungwa, limefungwa. Ulipo ndipo ulipo hadi msimu uishe.

Dirisha la mwaka huu lilituchangamsha. Tulikaa tukiwapima wapya kama majaji. Radi tulileta beki mrefu, Muuza Nyama akasema huyo si beki, ni mlingoti wa bendera. Nyuki wakamchukua kiungo kwa mkopo, Kinyozi akauliza kama wamemkopa na magongo yake, maana msimu uliopita wote alikuwa majeruhi. Nilicheka mpaka uzi ukakatika.

Halafu redio ikatangaza kwamba Reli wamemuuza Kiberenge kwa Nyuki.

Kiberenge ndiye aliyekuwa mshambuliaji wao, kijana mfupi mwenye mbio za ajabu. Mabao ya Reli karibu yote yalikuwa yake. Nyuki waliruka juu, wakakumbatiana, benchi likalia. Abiria alitazama mikono yake, ile mikono iliyochakaa kwa sabuni, akasema polepole, "Sasa tumebaki na nani?"

Pale ndipo Muuza Nyama alipopata akili. "Mzee wangu," akasema, akamshika bega, "mfuate mtoto wako. Njoo kwetu. Utamwona Kiberenge kila wiki, tena akishinda."

"Weee!" Kinyozi akadakia kutoka kulia. "Mzee ni mtu wa heshima, hawezi kwenda kwa wala nyuki. Mzee, njoo Radi."

Basi ikawa vita. Sijawahi kuona mtu anagombewa vile. Asubuhi Muuza Nyama anamletea chai mlangoni. Mchana Kinyozi anamnyoa bure, na ndevu juu. Watu waliokuwa wanampita bila salamu wakawa wanasimama: "Shikamoo mzee, umeamua?" Naye anaitikia, "Marahaba, bado natafakari, ofa ni nyingi," na macho yanacheka. Alitembea wima siku zile. Niliisikia pasi yake ikienda na wimbo.

Mwisho akaja kwangu na jezi ya njano mpya, anataka nimshonee neno Abiria mgongoni.

"Mzee," nikamwambia, "una uhakika? Hawa Nyuki ni watu wa kelele tu."

"Fundi," akasema, akakaa kwenye kigoda cha wateja. "Mimi nimechoka kushangilia peke yangu. Bao likiingia nageuka kumshika mtu mkono, hakuna mtu. Nausalimia ukuta."

Nifanyeje? Nilishona. Nilishona kwa uzi mara mbili, ijapokuwa rangi ile huniumiza macho.

Utambulisho wake ulikuwa sherehe. Muuza Nyama alimvalisha jezi, Kinyozi kwa uchungu akashika brashi: "Mzee, waambie mashabiki, kwa nini Nyuki?" Abiria akakohoa, akasema ni klabu kubwa na amekuja kusaidiana na wenzake kutwaa kombe. Walimbeba! Mzee wa watu, miguu juu, kandambili imedondoka, anacheka mpaka machozi. Jioni ile akamwambia binti yake kwenye simu, kwa sauti ya kusikika mtaa mzima, "Leo baba yako kasajiliwa!"

Dirisha likafungwa.

Sasa nisikilizeni vizuri. Asubuhi yake alikuja benchini na jezi yake, akatokeza pale kwenye kona, akapunguza mwendo. Namjua, alikuwa anasubiri treni itangazwe. Hakuna aliyetangaza chochote. Treni gani? Ni Nyuki mmoja anakuja kukaa na Nyuki. Muuza Nyama alisogea kidogo, akamwachia nafasi ya nusu kalio mwisho wa benchi, akaendelea kubishana na Kinyozi.

Ndivyo ilivyokwenda. Akisema neno, wenzake wanaitikia, "Kweli mzee," basi, neno limekufa. Hakuna kinachoua mazungumzo ya mpira kama kukubaliwa. Mimi nikimrushia kijembe, Muuza Nyama anakidaka kabla yake, maana yeye ndiye mwenyekiti. Siku moja Abiria alianza, "Enzi zetu Reli, kulikuwa na kipa mmoja..." Mwenzake akamkata, si kwa ubaya: "Mzee, hayo yameisha, wewe sasa ni wa kwetu." Hata ule msumari wa katikati mtu aliupigilia ukazama, wakaweka kreti la soda pale.

Na huyo Kiberenge mwenyewe? Nyuki walimweka benchi. Kila mechi tunamwona kwenye televisheni ya Kinyozi amevaa kizibao cha akiba, anapasha misuli kando ya mstari, anarudi kukaa. Walimtaka sana kabla hajasaini. Abiria alikuwa anamtazama bila kupepesa.

Kisha akaacha kuja. Mwanzoni hakuna aliyeona, na hilo ndilo lililonitia hasira. Nilimuuliza Muuza Nyama, "Mchezaji wenu yuko wapi?" Akauliza, "Nani?" Nilitaka kumtupia mkasi. "Abiria, wewe! Abiria!" Akasema, "Aah, mzee yupo, si wetu yule?" Akakata nyama yake.

Yupo, ndiyo. Nilikuwa namsikia. Lakini pasi ilikuwa inatua kimya, bila wimbo. Na chai ya asubuhi haikupelekwa tena na mtu.

Jumapili moja mchana, Radi tulicheza na Reli. Wenzangu wote walijazana kwa Kinyozi kutazama. Mimi nilikuwa na sare za shule za kumaliza, nikabaki na redio yangu. Upande wa pili wa ukuta nikasikia redio nyingine, sauti ya chini kabisa, kama ya mtu anayejificha.

Radi tukafunga. Nikapiga kelele, nikashika mkasi, nikagonga ukuta. Kimya. Nikasema moyoni, sawa, mzee kanuna. Kipindi cha pili, jamani, Reli wakasawazisha! Reli ile ile isiyo na Kiberenge! Kijana asiyejulikana kapiga kichwa, mtangazaji anapasua koo. Nikaacha kushona, nikasubiri. Nilisubiri ule mlio wa mpini ukutani, nikaziba hata redio kwa mkono nisikie vizuri. Hakukuja kitu. Bao halikuniuma. Ukimya ule uliniuma.

Nikaacha sare chini ya sindano, nikazunguka nyuma.

Mlango ulikuwa wazi. Abiria alikuwa amesimama karibu na ukuta, pasi mkononi, mpini umeelekezwa ukutani, mkono umeganda hewani. Mezani kulikuwa na jezi ya njano, imepigwa pasi na kukunjwa safi, kama ambayo haijawahi kuvaliwa. Ile jezi ya rangi ya damu ya mzee ilikuwa kwenye msumari juu ya kitanda, pembeni ya picha ya marehemu. Aliponiona akashusha mkono kama mwizi.

"Mbona hugongi?" nikamuuliza.

"Sheria ya benchi, Fundi. Dirisha limefungwa. Mimi ni Nyuki." Akaiweka pasi kwenye kiti chake cha chuma. "Nimegeuka tena kumshika mtu mkono. Ujinga wangu. Nilidhani kule watu watakuwepo."

Mimi si mtu wa kubembeleza, sijui hata pa kuanzia. Ningemwambia pole, angelia, na mimi ningelia, halafu tungebaki wawili tunalia katikati ya mashati ya watu. Kwa hiyo nikavuta kigoda, nikakaa bila kukaribishwa, nikasema, "Lile bao ni la kubahatisha. Na kipa wenu ana mikono ya sabuni. Timu mbovu hii, tangu nizaliwe sijaona timu mbovu kama Reli."

Akaniangalia. Nilidhani nimeharibu.

"Mikono ya sabuni?" akasema. "Nani, kipa huyu? Wewe ulimwona alivyookoa mbele ya lango kipindi cha kwanza? Ulisikia au ulikuwa unapiga soga na cherehani? Fundi, usiongee mpira usioujua!"

"Aliokoa nini? Mpira ulimgonga!"

"Ulimgonga!" Akashika kichwa. "Mungu wangu, huyu mwanamke! Ulimgonga!" Na hapo akafunguka. Akanipa kipa, akanipa mabeki, akanipa kijana wa kichwa na shule aliyosoma, akapanda mpaka kwenye kipa wa enzi zile na jinsi mkewe alivyomzomea uwanja mzima ukasikia. Nilimkatisha kila sentensi. Alinikaripia kila sentensi. Shati la mtu liliungua kola, hakuna aliyejali. Mpira ukaisha sare, hatukusikia hata filimbi.

Nje mteja alikuwa ananiita, anataka sare zake. Nikasimama, nikajikung'uta. Abiria alinisindikiza mpaka mlangoni, bado anahema kwa ubishi, halafu ubishi ukamtoka usoni, akashika kizingiti.

"Fundi," akasema kwa sauti ndogo, "kesho utakuja tena kunitukana?"

Ilibidi nitazame pembeni kwanza. "Nitakuja asubuhi," nikamjibu kwa ukali. "Weka chai. Na kipa wenu ni garasa."